Mende Wakahamia kwa Mdogo Wangu

Mliponiacha nilikuwa nimepiga magoti chini ya karo la jikoni kwangu, matako juu kama mbuzi anayekunywa maji mtoni, na Bwana Tochi amesimama nyuma yangu ananimulika.

Kwa aliyechelewa kufika: Bwana Tochi ndiye bwana afya wa mtaa wetu. Kazi yake ni kuingia kwenye mikahawa ya watu na kupenyeza tochi mahali ambapo mwenye mkahawa mwenyewe hajawahi kupenyeza hata kidole. Siku ile alikuta mende nyuma ya friji, akakuta mende kwenye droo ya vijiko, na pembeni ya gunia la mchele akakuta punje nyeusi nyeusi.

"Bibi, hiki nini?"

"Pilipili manga, mwanangu. Ilimwagika."

Akaiokota punje moja kwa kijiti, akaileta mpaka puani kwangu. "Basi onja."

Sikuonja.

Ndipo akazima tochi na kunipa mpaka Alhamisi. "Nikirudi nikakuta mdudu mmoja, mmoja tu, nabandika karatasi nyekundu mlangoni na leseni naondoka nayo."

Mkahawa huu ndio unaonivisha na kunilisha, mimi na mkwe wangu na wajukuu wangu. Na karatasi nyekundu nyie hamuijui. Hata ukija kuibandua, gundi inabaki mlangoni, na watu wa mtaa wetu wanajua kusoma gundi.

Basi twende.

Jumatano, wateja wa mchana walipokwisha kutoka, mkwe wangu alikuja na mpuliza dawa. Mkwe wangu mtaa mzima unamwita Redio, kwa sababu Mungu alipomuumba alisahau kumwekea kitufe cha kuzimia. Mpuliza dawa yeye anaitwa Mzee wa Pampu, na pampu yake huibeba mgongoni kama mama aliyebeba mtoto mwenye homa.

Panya tulishawamaliza wenyewe. Redio alipigilia bati chini ya mlango wa stoo, mchele tukauhamishia kwenye mapipa yenye vifuniko, na mitego ikafanya kazi yake. Waliobaki walikuwa mende.

Mzee wa Pampu alizunguka jiko zima. Akachungulia nyuma ya friji, akafunua raba ya mlango wake, akavuta droo, akanusa. Kisha akaugonga ukuta wa kushoto kwa kifundo cha kidole.

"Upande wa pili pana nini?"

Mimi nikaanza kupanga sahani zilizokuwa zimeshapangwa.

"Pana mkahawa wa mama mdogo," akasema Redio.

"Mama mdogo wa nani?"

"Mdogo wake huyu mama hapa. Tumbo moja, ziwa moja."

"Si vizuri hivyo! Mwiteni basi, tupulize pande zote mbili kwa mpigo. Mende si mjinga, bibi. Ukimfukuza sebuleni anaingia chumbani. Ukuta wenu ni mmoja, na una tundu." Akanyoosha kidole nyuma ya kabati la vyombo, pale bomba la maji linapotoka kwangu kwenda kwake. Tundu lenyewe nilikuwa nimeliziba kwa tambara wiki mbili nyuma, kwa sababu harufu ya vitunguu vya mdogo wangu ilikuwa inapenya na kuwafanya wateja wangu wageuze shingo na sahani yangu iko mbele yao.

"Hatumwiti mtu," nikasema.

"Kwa nini, bibi?"

Redio akajibu kwa niaba yangu, maana hiyo ndiyo kazi yake. "Hawasemeshani."

Kweli hatusemeshani. Mdogo wangu alitundika ubao mlangoni kwake, umeandikwa HAPA NDIPO PENYEWE, na mshale. Mshale wenyewe ulikuwa unaelekea kwake, lakini mkia wake ulianzia mlangoni kwangu, kama kwamba mtu anatoka kwangu akikimbia. Nami nikatundika wangu: ALIYEPITILIZA ARUDI. Tangu hapo, akitaka kuniambia kitu anamwambia Redio akiwa dirishani, na mimi nipo hapo hapo nasikia. "Mwambie mama yako maji yake machafu yanapita kwangu." Nami namjibu Redio: "Mwambie mama yako mdogo maji huteremka, hayapandi."

Sasa huyo ndiye nikamwombe tupulize pamoja? Nimwambie nina mende? Angeliandika hilo ubaoni kabla dawa haijakauka.

"Puliza upande huu tu," nikamwambia Mzee wa Pampu.

"Bibi, hawatakufa wote. Wengi wao wataondoka."

"Wewe umeitwa kufukuza mende au kupatanisha watu?"

"Mimi nimesema tu. Wataondoka."

"Basi safari njema."

Akatoka uani kuchanganya dawa yake. Na hapa, wasomaji wangu, ndipo penye ungamo langu la wiki hii. Wajukuu wangu wakilisoma, walisome kimoyomoyo.

Nilikwenda nyuma ya kabati. Nilijiambia naenda kulitazama tambara tu. Lilikuwa kipande cha gauni langu la maua, lile la manjano nililolipenda mpaka likanipasukia kwapani. Nikalishika. Nikalichomoa nusu.

Kisha nikaona nusu ni unafiki. Nikalichomoa lote.

Mzee wa Pampu akapuliza, akatutoa nje, akafunga mlango wa jiko. Mimi nikabaki nachungulia kwenye kioo cha mlango. Jamani! Nimeona misiba, nimeona maandamano, lakini sijaona watu wanaotembea kwa nidhamu kama wale mende. Walitoka nyuma ya friji, wakatoka kwenye droo, wakapanda ukuta, vibaba mbele, vimama vyenye mizigo ya mayai katikati, vitoto nyuma. Hakuna aliyemsukuma mwenzake. Mmoja mnene alisimama mdomoni mwa tundu akachezesha sharubu zake huku na huku, kama mwenye nyumba anayehakikisha hajasahau kitu.

Kisha naye akaingia.

Dawa ilipotulia nikarudisha tambara mahali pake na kulikandamiza kwa mpini wa mwiko. Mgeni akishatoka, unafunga mlango.

"Mama, mbona unacheka peke yako?" akauliza Redio.

"Ni hii dawa. Inawasha pua."

Alhamisi asubuhi Bwana Tochi akaingia na uso wake wa kazini. Jiko langu lilikuwa linang'aa hadi nzi aliyeingia aliteleza. Tulisugua karo kwa majivu, tukachemsha vijiko, tukakwangua masizi ya jiko kwa kisu, sakafu tukaimwagia maji ya moto na sabuni mpaka rangi yake ya asili ikaonekana. Kumbe ni ya kijani! Nilikuwa nadhani ni ya kijivu.

Akamulika nyuma ya friji. Hamna kitu. Akavuta droo. Hamna. Akalala kifudifudi, shati lake jeupe juu ya sakafu yangu, akamulika chini ya karo. Aliponyanyuka shati lilikuwa jeupe vile vile, na yeye uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefika msibani akakuta marehemu anakunywa chai.

"Bibi, umefanyaje?"

"Mkono wa Mungu na majivu, mwanangu."

"Safi kabisa. Endelea hivi hivi."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema asante na kumfungulia mlango. Lakini mimi nina Redio.

"Huku kwetu, bwana afya," akasema, mikono kiunoni, "ukimwona mende ujue ni mteja. Sisi hatunao. Wenye nao wanajijua."

"Akina nani?"

Redio akautazama ukuta.

Nikamfinya. Lakini neno likishatoka halirudi kinywani, na tochi ikishawaka haikosi pa kumulika. Bwana Tochi akavaa kofia yake, akatoka kwangu, akaingia mlango wa pili.

Nilichukua bilauri, nikaibandika ukutani, nikaweka sikio. Msinitazame hivyo. Hata nyie mngeweka.

Nikamsikia mdogo wangu, sauti tamu kama asali: "Karibu, bwana afya! Kwangu ukikuta mende, mpike nimle."

Nyayo. Droo ikavutwa.

"Mungu wangu!"

"Mama, anza kula," akasema Bwana Tochi.

"Hawa hawakuwepo jana! Naapa hawakuwepo!"

"Mama, tangu nianze kazi hii sijawahi kukuta mende aliyekuwepo jana. Wote hufika leo asubuhi."

Kisha kelele, kiti kikaanguka, mtu akapiga kitu kwa kandambili, na Bwana Tochi akapaza sauti: "Yuko kwenye kofia! Mtoeni kwenye kofia!" Nilicheka mpaka bilauri ikaniponyoka.

Haikuchukua muda, nikaisikia gundi. Gundi ya karatasi nyekundu ina sauti yake. Brashi inapaka mbao, taratibu, juu, chini, kama mtu anayempaka maiti mafuta.

Kicheko kikanikatika. Lakini sikwenda nje.

Wateja wake wakahamia kwangu. Dereva wa lori aliingia na kijiko cha mdogo wangu mkononi, akakaa, akala maharage yangu vijiko viwili, akanitazama kwa huruma. "Bibi, na chumvi nayo imefungiwa?"

"Kula, usinizoee."

Meza zikajaa hadi Redio akawa anapita ubavu ubavu. Na nani anaingia tena? Bwana Tochi mwenyewe, hana kofia, akavuta kiti.

"Niletee wali na nyama, bibi. Tangu asubuhi sijala, na mtaa huu mzima hapa ndipo pekee ninapojua nyuma ya friji pakoje."

Nilimpakulia kama bwana harusi. Nilijiona nimeshinda. Nilikuwa nakoroga uji wa jioni huku naimba.

Mlango wa uani ukafunguka. Mdogo wangu.

Alikuwa bado na aproni yake kiunoni, imefungwa fundo nyuma kama alivyofundishwa na mama yetu, na macho yamemvimba. Akasimama karibu na jiko langu, mahali ambapo hajakanyaga tangu siku ya mbao zile.

"Dada," akasema.

Ndugu zangu, neno hilo sikuwa nimelisikia kwa muda mrefu hadi nikageuka nyuma kutazama anaitwa nani.

"Nimekuja kukuomba msamaha."

"Msamaha wa nini?" Mwiko ulinisimama mkononi.

"Wale mende wako walikuwa wangu."

"Sikuelewi."

"Mwezi uliopita nilipuliza dawa kwangu. Kimyakimya, usijue. Mpuliza dawa niliyemwita mimi aliniambia nikwambie, tupulize pamoja. Nikamwambia siwezi kumsemesha yule mwanamke." Akajifuta pua kwa mkono. "Nikawaona wanaingia kwenye lile tundu la bomba, wanakuja kwako. Dada, ningeweza kuliziba. Nilivuta kigoda, nikakaa, nikawatazama mpaka wa mwisho. Nikacheka."

Redio, aliyekuwa anakausha sahani, akanisogelea sikioni. "Mama, kumbe wewe ulirudisha mali ya watu tu."

"Nyamaza."

"Leo Mungu amenirudishia," mdogo wangu akaendelea. "Na mimi nimestahili. Ila wewe ulisumbuliwa bure. Ulipiga magoti chini ya karo mbele ya yule mtu, na mgongo wako ule. Nilikuona dirishani. Nisamehe."

Sasa hapo, mtu yeyote mwenye roho ya kutosha kujaza kijiko cha chai angesema: mdogo wangu, hata mimi. Maneno manne tu. Yalifika mpaka kwenye meno. Nikamtazama, nikautazama mkahawa wangu uliojaa, nikamsikia Bwana Tochi kule mbele anaomba mchuzi wa kuongeza.

"Nimekusamehe," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyeshuka mbinguni jana. "Usirudie."

Usirudie! Mdomo huu huu.

Akaniangukia begani, akalia. Nikampigapiga mgongo. Redio akageukia sahani zake na kuanza kukohoa kikohozi ambacho si kikohozi.

"Basi imekwisha," nikamwambia. "Kaa hapa jikoni, ule. Kwako tutaenda kupasafisha pamoja, atakufungulia."

"Haijakwisha. Naenda kumwambia."

"Kumwambia nani?"

"Bwana afya. Kule mbele si ndiye? Alikuandika kuwa una mende, na kosa halikuwa lako. Nataka afute jina lako. Sitaki kulala na hili."

"Mdogo wangu, huyo mtu anakula. Mwache ale."

"Dada, niache nifanye jambo jema kwako hata mara moja."

Nikamshika kamba za aproni. Fundo likafunguka. Akaondoka, mimi nikabaki na aproni mkononi.

Nilipofika mlangoni alikuwa ameshasimama mbele ya meza ya Bwana Tochi, watu wote wamegeuza shingo. Akayasema yote. Dawa, tundu, kigoda, kicheko. Hakupunguza. Dereva wa lori aliacha kutafuna, shavu limejaa.

Bwana Tochi akaweka kijiko chini polepole.

"Mama, rudia. Uliwaona wanaingia jikoni kwa mwenzako, ukawaacha? Makusudi?"

"Makusudi kabisa."

"Unajua unachokisema? Mimi nilikufungia kwa uchafu. Uchafu unasafishwa, unafunguliwa, unaendelea na biashara. Lakini kuhamishia wadudu kwenye jiko la mwingine kwa makusudi, hilo halina sabuni. Hilo leseni inakwenda, wala hairudi. Hutapikia watu tena mtaa huu."

Nilidhani atalia, ajitetee, aseme ametania. Mdogo wangu akanyoosha shingo.

"Ichukue. Nilimkosea dada yangu."

Mkwe wangu ndani ya jiko aliangusha kijiko na kila mtu akashtuka.

Bwana Tochi akatoa kalamu mfukoni. Kisha akaikunja mikono yake juu ya meza, akawa anamtazama mdogo wangu kama mtu anayetazama hesabu isiyokubali.

"Kitu kimoja hakijakaa sawa. Mwezi uliopita uliwahamisha. Wiki hii mimi mwenyewe nimewakuta huku. Leo huku hayupo hata mmoja, na kwako wananiangukia kichwani. Wamerudije?"

"Mungu amenilipa, bwana afya."

"Mungu hana pampu, mama."

Dereva wa lori alianza kucheka, akaona hakuna mwenzake, akameza kicheko pamoja na maharage.

Tochi ikawaka. Mchana kweupe, jua limejaa dirishani, lakini aliiwasha. Mwanga ukapita juu ya meza, ukapita juu ya ukuta, ukaja taratibu mpaka mlango wa jiko. Ukanisimama kifuani.

"Bibi. Wa kwako walikwenda wapi?"

"Walikufa!" Redio akadakia nyuma yangu. "Wote! Hata aliyebaki yatima hayupo!"

"Na maiti ziko wapi? Nimelala kwenye sakafu yenu asubuhi hii. Sikuona hata mguu."

Kwa mara ya kwanza tangu aolewe na mwanangu, mkwe wangu alishusha sauti. Nikasikia tu mkono wake unanivuta gauni kwa nyuma. "Mama," akaninong'oneza, "hana ushahidi. Kaa kimya. Ukisema, na sisi inakwenda. Kesho watoto watakula nini?"

Mdogo wangu akajitia katikati ya mwanga, mikono ameitanua.

"Usimmulike dada yangu! Mtu mzima huyo. Hajui hata pampu inashikwa upande gani. Makosa ni yangu, nimeshakwambia, andika uondoke!"

"Sijakuuliza wewe, mama."

"Mimi namjua! Dada yangu angekuwa na ubaya huo, angenifanyia zamani."

Redio akavuta gauni tena, safari hii kwa nguvu, kitambaa kikalia.

Nikamtoa mkono. Nikapita kati ya meza, nikamshika mdogo wangu bega na kumsogeza pembeni, mwanga ukanipata wote usoni.

"Zima hiyo, mwanangu," nikamwambia Bwana Tochi. "Swali ni langu. Uliza tena."

Akaizima. Na mdogo wangu akageuka kunitazama, uso wake bado umejaa kuniamini.